Alisema Atawahi

Miaka ya themanini, pale Ngamiani, Tanga, uzazi wa mpango kwa wanawake wengi niliowajua ulikuwa ahadi ya mume. Mume alisema atamwaga nje, mke akaamini, taa ikazimwa. Asubuhi tukikutana bombani kungojea maji, mwenye mtoto mchanga mgongoni aliulizwa, "Na wewe shoga, unajikinga na nini?" Alijibu kwa sauti ya chini, "Baba watoto anajichunga." Jibu hilo lilitosha. Aliyelitoa alihesabiwa mwenye bahati, kapata mume mwenye huruma.

Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo, na mazungumzo ya bombani niliyachukua kama yalivyo. Sasa nimestaafu, bomba liko ndani ya nyumba, na jibu lile lile nalisikia kwa wasichana waliozaliwa baada ya mwaka 2000, wenye simu inayoweza kuwaeleza kila kitu. Jambo hili linaniuma, kwa sababu nimeona lilikotupeleka.

Njia nyingine zilikuwapo hata wakati ule. UMATI, chama cha uzazi wa mpango, kilikuwa na mizizi Dar es Salaam tangu 1959, na kliniki za mama na mtoto zilikuwa na vidonge vya majira na lupu. Lakini kuvifikia ilikuwa kazi. Muuguzi alitaka kujua kama umeolewa, una watoto wangapi, na mumeo anasemaje. Mahali pengi hukupewa kitu bila ridhaa ya mume, na msichana asiyeolewa hakuthubutu hata kukaa kwenye benchi. Mpango wa taifa wa uzazi wa mpango ulianza 1989, na mwongozo wa 1994 ukaondoa masharti ya ndoa na idadi ya watoto. Yaliondoka kwenye karatasi; kwenye benchi yalikaa miaka mingine mingi. Kumwaga nje hakukutaka benchi, wala kadi, wala nauli. Hakukutaka hata kulitaja jambo lenyewe mbele ya mtu wa tatu.

Na kulikuwa na hofu ya kubemenda. Wazazi wakikutana mapema, mtoto akiwa bado ziwani, tuliamini atabemendwa: atakonda, miguu haitakaza, atachelewa kutembea, na mtaa mzima utajua kwamba baba na mama walishindwa kujizuia. Ndiyo maana mzazi alirudi kwa mama yake akakaa huko miezi. Asiyeweza kwenda, au aliyeogopa kuacha nyumba wazi kwa mwanamke mwingine, somo wake alimfundisha namna ya kuishi na mume: mwambie atoke mapema, na kitambaa kiwe karibu. Wazee walikosea sababu, maana mbegu za baba haziharibu maziwa ya mama. Lakini waliona jambo la kweli, kwamba mimba inayofuata haraka inamdhoofisha mama na watoto wake wote wawili. Shirika la Afya Duniani linashauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine. Bibi zetu hawakuwa mbali na hesabu hiyo. Walichokosa ni kitu cha kuishikilia.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta aliishi katika hofu hiyo. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya mkonge, mtu mpole, asiyelewa, asiyepiga. Nyuma ya mlango wa chumbani walikuwa na kalenda ya bure kutoka duka la vitambaa, na mke aliweka alama ya kalamu ya risasi kila siku aliyoona damu. Pembeni aliweka nukta ndogo kwa siku ambazo mume alichelewa, au alizodhani kachelewa. Maana mwanamke hawezi kujua kwa hakika. Kuna majimaji yake mwenyewe, kuna ya mwenzake, kuna giza. Siku za mwezi zikisogea bila damu alisimama mbele ya kalenda ile, mtoto kiunoni, akihesabu kwa kidole kutoka nukta hadi nukta, halafu anarudia. Siku moja aliniita dirishani. "Mwalimu, hebu nihesabie na wewe, hesabu si ndiyo kazi yako?" Nilihesabu. Zilikuwa zimepita siku nyingi kuliko alivyotaka kusikia.

Mtoto wa kwanza alikuwa hajaachishwa ziwa mimba ya pili ilipoingia. Wa tatu alikuja kabla wa pili hajaweza kutamka jina lake. Na kila mara ugomvi ulikuwa mmoja, tuliusikia sote kupitia ukuta: "Ulimalizia ndani." "Sikumalizia ndani, Wallahi." "Basi hii imetoka wapi?" Baada ya mimba ya tatu mume akaanza kuuliza swali lile lile kwa maana nyingine. Imetoka wapi? Yule mpole akawa anarudi safari kimya kimya, anachungulia dirishani kabla ya kubisha hodi. Ndoa haikuvunjika, lakini haikurudi kuwa kama ilivyokuwa.

Leo ninaamini hakuna aliyedanganya katika nyumba ile. Mume aliwahi, kama alivyoapa. Na mimba ilikuwa yake.

Kabla mwanamume hajafikia kilele, hutokwa na ute mwepesi. Unatoka kwenye tezi mbili ndogo zilizo chini ya tezi dume, na kazi yake ni kulainisha na kusafisha njia. Hausikii ukitoka, hauzuii, na hakuna mazoezi ya kuuzuia. Katika ute huo mara nyingine mna mbegu hai. Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwapima wanaume 27. Kati yao 11 walikuwa na mbegu katika ute wa mwanzo, na kwa 10 kati ya hao mbegu zilikuwa zinaogelea. Si kila mwanamume, basi, na mwenye mbegu humo hana alama ya kumtambulisha. Watu wakikutana mara ya pili usiku huo huo, mabaki ya mara ya kwanza huenda bado yamo katika mrija wa mkojo. Mbegu zikishaingia zinaweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku 5, zikingojea yai ambalo lenyewe huishi siku moja tu. Hata zikimwagwa nje lakini mlangoni kabisa, njia zinaijua.

Katika wanawake 100 wanaotegemea njia hii kwa mwaka mmoja, takriban 20 hushika mimba. Hao ni watu wa kawaida, wenye usingizi, wenye ulevi mdogo wa Jumamosi, wenye mapenzi yanayowazidi. Kwa wale wanaoifuata bila kukosea hata mara moja, kila usiku, mwaka mzima, bado 4 hupata mimba. Wasiotumia chochote ni kama 85, kwa hiyo nisiseme uongo: kumwaga nje kunapunguza, na kwa aliyekosa kila kitu ni bora kuliko kukaa hivi hivi. Lakini weka karibu yake sindano, ambapo ni kama 4, au vijiti vya mkononi, ambapo hata mmoja hatimii. Yule jirani yangu aliendesha maisha yake juu ya hesabu ya mmoja kwa watano, kila mwaka, akidhani kosa ni la mumewe, na mume akidhani kosa ni lake.

Madhara ya njia hii hayakuishia kwenye vyumba vya wenye ndoa. Nilikofundisha, kila baada ya likizo, wasichana walipangwa foleni na matroni akawaminya tumbo mmoja mmoja. Aliyekutwa na mimba aliondoka siku hiyo hiyo na sanduku lake. Mara chache mvulana aliitwa. Na nikiwa katika chumba cha walimu nilisikia utetezi wao, haukubadilika: "Haiwezi kuwa yangu, mwalimu. Mimi nilimwaga nje." Wengine walikuwa waongo. Ila wengine nilitazama nyuso zao na niliona wanaamini wanachosema. Wameambiwa na kaka zao kwamba ukitoka mapema hakuna kitu, na hawakuwahi kusikia tofauti, si nyumbani, si darasani kwetu. Mtihani wa kidato cha nne mvulana aliufanya. Msichana alikuwa kijijini kwa bibi yake, anapika maandazi ya kuuza.

Kuna jambo baya kuliko mimba yenyewe, na sioni likiandikwa vya kutosha. Kondomu ikipasuka, wawili wameona. Aliyesahau kidonge anajua kasahau. Lakini kumwaga nje kunampa mwanamume ushahidi wa kujitetea na hakumwachii mwanamke ushahidi wowote. Jambo limefanyika gizani, katika sekunde chache, ndani ya mwili wa mmoja na kwa uamuzi wa mwingine. Mwanamume akikana, mwanamke anabaki na neno lake tu. Na yule aliyeahidi kutoka halafu akaamua kutotoka, kwa makusudi, kwa sababu anataka mtoto au anataka kumfunga mwanamke asiondoke, naye anajificha humo humo, maana nani atamthibitishia?

Huku pwani hatukuwa na sababu ya kutojua. Masheikh walifundisha kuhusu kumwaga nje chini ya jina la azl, na mimi mwenyewe nimekaa nyuma ya pazia kwenye darasa lilipotajwa. Katika mkusanyiko wa hadithi wa Sahihi Muslim, Jabir anasimulia habari za mtu aliyemwendea Mtume kuuliza kuhusu azl kwa mjakazi wake. Akaambiwa afanye akipenda, lakini kilichokadiriwa kitamfikia. Baadaye yule mtu akarudi na habari kwamba mjakazi amepata mimba. Miaka zaidi ya 1,300 iliyopita, na njia ilikuwa tayari imeshindwa mbele ya mashahidi. Wanazuoni wengi waliweka sharti la ridhaa ya mke, maana ana haki katika tendo na ana haki katika mtoto. Na hawakukubali azl iwe sababu ya mume kumkana mtoto wa ndoa. Yule dereva wa malori alikuwa haendi mbali kusali Ijumaa. Laiti mtu mmoja angemwambia hilo la mwisho, asingechungulia dirishani.

Halafu ikaja miaka ya tisini na mazishi yake. Ukimwi ulikuwa umeripotiwa Kagera tangu 1983, lakini kwetu ulikuwa habari ya mbali hadi ulipofika barabara kuu. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, na jioni mtaa mzima ulinyamaza kumsikiliza Mkwaju, dereva wa lori, na mkewe Tunu aliyechoka naye. Miaka hiyo hiyo zikaja kondomu za Salama, zikauzwa hadi kwenye vibanda vya sigara. Nilimwona jirani yangu anasikiliza mchezo ule amekunja mikono, hacheki wenzake wanapocheka. Kumwaga nje hakuzuii virusi, hakuzuii kisonono, hakuzuii kaswende, kwa kuwa ute ule ule wa mwanzo unaweza kubeba maambukizi, na kwa kaswende kugusana tu na kidonda kunatosha. Kwa mara ya kwanza wanawake wa mtaani kwetu walianza kusema kwa sauti kwamba ahadi haitoshi. Wengine walianza kwenda kliniki yenye ile nyota ya kijani ya uzazi wa mpango mlangoni, kadi wamezificha ndani ya mfuko wa unga.

Mengi yamebadilika tangu hapo, na ningekuwa mtovu wa shukrani nikiyapita. Utafiti wa afya wa 1991 na 1992 ulikuta mwanamke wa Tanzania anazaa kwa wastani zaidi ya watoto 6. Ule wa 2022 umekuta 4.8. Vijiti, sindano, vitanzi na vidonge vinatolewa bure katika vituo vya serikali. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni, na niliposoma waraka ule niliwakumbuka waliotoka na masanduku. Mvulana akikana mimba sasa, ofisi ya ustawi wa jamii au mahakama inaweza kuomba kipimo cha vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kauli ya "nilimwaga nje" imepata mpinzani asiyebishana.

Lakini mabadiliko hayo mengi yanakuja baada ya mimba. Kabla yake, vijana wamebaki tulipokuwa sisi, ila kwa sababu nyingine. Sisi tulikosa njia. Wao wanaziogopa.

Mwaka jana binti wa kaka yangu alikuja kunisalimu kutoka Dar es Salaam, mtoto wake ana miezi minne. Tulikaa barazani tukichambua mchele, nikamuuliza wanajikingaje.

"Baba wa mtoto anajua kujizuia, shangazi."

"Anajua, au anajitahidi?"

Akacheka kidogo, akaendelea kuokota chuya. Kisha akasema yaliyo moyoni. Sindano alishachoma kabla ya kuolewa, akatokwa damu wiki baada ya wiki, akaenda kulalamika, na muuguzi akamwambia ni kawaida, avumilie. Hakurudi tena. Alipotaka mtoto alikaa karibu mwaka ndipo akashika mimba, na mwaka huo mzima mawifi walimtazama tumbo. Kwenye kundi lake la WhatsApp wanaambiana vijiti vinatembea mwilini mpaka kwenye moyo, lupu inamchoma mume, vidonge vinaziba kizazi. Kumwaga nje ndiko kusiko na kemikali. Mwezi anaoingiwa na wasiwasi, anakwenda duka la dawa kununua vidonge vya P2.

Sikumkatisha, kwa kuwa nusu ya aliyosema ni kweli. Sindano ya miezi mitatu huvuruga damu kwa wanawake wengi, na uzazi huchelewa kurudi, mara nyingi miezi kadhaa baada ya sindano ya mwisho kuisha nguvu, kisha hurudi. Yule muuguzi alipaswa kumweleza hayo kabla ya kumchoma, na aliporudi analalamika alipaswa kumsikiliza na kumpa njia nyingine. Mwanamke anayeambiwa avumilie damu wiki baada ya wiki atarudi kwenye ahadi ya mume, na sitamlaumu. Kila muuguzi anayemfukuza mteja kwa dharau anaongeza idadi ya wanaomwaga nje. Kuhusu moyo na mume kuchomwa, nilimwambia hapana. Kijiti hukaa pale pale chini ya ngozi kilipowekwa, ni nadra mno kisogee, na uzi wa lupu ukimkera mume mhudumu anaupunguza. Na P2 ni ya dharura. Inafanya kazi vizuri ikinywewa mapema, ndani ya siku 3, na kadiri saa zinavyopita inapungua nguvu. Aliyeifanya ya kila mwezi anavurugwa damu na bado hajakingwa sawasawa.

Nilimwambia pia jambo ambalo mama zetu wangelifurahia. Akimnyonyesha mtoto maziwa yake peke yake, usiku na mchana, bila uji wala maji, na hajaona damu tangu ajifungue, na mtoto hajatimiza miezi 6, ziwa lenyewe linamkinga karibu sawa na vidonge. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, kinga imekwisha. Yeye alikuwa ameshaanza kumpa mtoto uji.

"Kwa hiyo sasa hivi sina kitu," akasema.

"Unaye mumeo anayejitahidi."

Aliacha kuchambua. Akaniuliza swali ambalo miaka yote ile bombani sikulisikia likiulizwa na mtu: kama mume akiwahi kila siku na mimba ikaingia, yeye atamwaminije, na mume atamwaminije yeye? Nikamsimulia habari za nyumba ya dereva, bila majina, tangu kalenda mpaka dirisha. Alisikiliza hadi mwisho.

Jioni alimpigia mumewe simu, wakazungumza muda mrefu chumbani mlango umefungwa. Asubuhi kabla ya kwenda kupanda basi akaniambia wamekubaliana waanze na kondomu wiki hiyo hiyo, na Jumatatu waende kliniki pamoja. Yeye anataka kijiti, cha miaka mitatu, kwa sababu anaweza kwenda kutolewa akiamua na kwa sababu anaweza kukigusa kwa kidole na kujua kipo. Mumewe ana wasiwasi kuhusu damu kuvurugika tena na anataka amuulize muuguzi mwenyewe. Nikamwambia amwandikie maswali yote kwenye karatasi, wasikubali kuondoka kabla hayajajibiwa, na kama muuguzi wa zamu atawaambia wavumilie, waombe mwingine.